Mume wangu anataka tuuze shamba tukampandikize binti yetu damu ya kitovu

Shikamoo Shangazi,

Nakuandikia kutoka Maskati. Mimi na mume wangu ni watoto wa ndugu wawili: baba yangu na baba yake wamezaliwa tumbo moja, Pemba, na sisi tumezaliwa na kukulia huku Omani. Nyumbani kwetu ni Kiswahili, ndiyo maana naweza kukufuata.

Mtoto wetu wa kwanza ni binti, ana miaka sita na nusu. Alipokuwa mchanga wa miezi saba alianza kupauka midomo, maziwa hayataki, tumbo likamvimba. Tukaambiwa ana thalasemia ile kubwa, ugonjwa wa kurithi ambao mwili hautengenezi damu nzima ya kutosha, na kwamba mimi na baba yake kila mmoja amebeba kasoro hiyo bila ya kuumwa. Tangu hapo kila wiki ya tatu anaongezwa damu. Na kila siku anakunywa dawa ya kutoa madini ya chuma mwilini, na kila siku ni ugomvi kwa sababu inamchafua tumbo. Lakini nje ya hayo, Shangazi, ukimwona hutojua. Anasoma, anacheka, anagombana na binamu zake, anajua kuigiza sauti ya kila nesi wa wodi yake.

Sasa nina mimba ya miezi sita. Sikuipanga kwa ajili ya dawa. Ilikuja, nikafurahi, na siku hiyo hiyo nikaogopa. Walinitaka nipime mtoto tumboni kama naye anao ugonjwa, nikakataa, kwa sababu jibu lolote lisingebadilisha kitu kwangu. Daktari wa binti yetu akatwambia kwamba akizaliwa, damu ya kitovu chake inaweza kukusanywa na kuhifadhiwa, na kama alama zao za HLA, zile ambazo kinga ya mwili huzitumia kumtambua mwenyeji na mgeni, zinafanana, inaweza kupandikizwa kwa dada yake akapona. Halafu akaongeza maneno yaliyonichanganya: mwili wa mtoto aliyeongezwa damu miaka mingi unaweza kulikataa pandikizi, na damu ya kitovu hukataliwa zaidi kuliko uboho, ule ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu. Nilitaka kuuliza kwa nini, lakini mtoto alikuwa analilia sindano na nje kuna foleni.

Mume wangu yeye hasubiri. Amepata wakala wa matibabu ya nje kwa njia ya WhatsApp. Wakala anasema ipo hospitali katika nchi moja ya Asia wanapandikiza damu ya kitovu kutoka benki, ya mtoto yeyote, kwa sababu "damu ya kitovu ni changa, haibagui, haikataliwi na mwili." Mume wangu anataka tuuze fungu letu la shamba la mikarafuu alilotuachia babu, tuondoke mara tu nikishajifungua. Anasema kila mwezi unaopita chuma kinazidi kumwingia mtoto katika moyo na ini, na mimi nimekaa tu.

Mama mkwe wangu, ambaye ni mke wa ami yangu na amenilea kama mama, hataki hata kusikia. Kaniambia, "Mtoto hajazaliwa mshaanza kumgawa." Na kwake zalio ni la kuzikwa, si la kupelekwa maabara. Tena anauliza kwa nini tunahangaika na damu za watu ilhali ndugu wapo. Tulipokwenda likizo Unguja, damu ilikosekana, ami zake wawili wakatoa zao na mtoto akaamka vizuri. Kwa nini wasiendelee wao?

Mimi, Shangazi, nina hofu ambayo sijamwambia mtu. Huyu niliye naye yu hai. Nikimtia katika chumba kile cha kupandikiza akafa, nitakuwa nimemtoa mtoto anayecheka. Nikikataa, akafika miaka ishirini moyo wake umechoka, ataniuliza kwa nini. Na huyu wa tumboni, siku nyingine najikuta namwomba Mungu afanane na dada yake kabla sijamwomba awe mzima. Ni mama gani anaomba hivyo?

Nisaidie nione mbele. Usitaje jina langu.

Mama wa Binti, Maskati

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba, mwanangu.

Nimeisoma barua yako na kuirudia, na kwanza nataka kukurejeshea nilivyoielewa, uone kama nimekusikia. Una binti anayeishi vizuri kwa damu ya watu asiowajua. Una mimba ambayo kila mtu ameshaipangia kazi. Mumeo anaona muda unakwisha, mama mkwe anaona mtoto anageuzwa dawa, na wewe umekaa katikati unaulizwa swali moja tu: tupandikize au tusipandikize? Mimi ninaposoma naona maswali matatu yaliyofungwa kamba moja. La kwanza, kama damu ya kitovu cha huyu mdogo ihifadhiwe. La pili, kama muende mkatafute kitovu cha mgeni. La tatu, kama binti apandikizwe kabisa, lini, na kwa kitu gani. Hayana uzito mmoja wala hayana haraka moja.

Nianze na lile ulilokosa nafasi ya kumuuliza daktari, kwa sababu naona ndilo lililobeba yote. Kwa nini mwili wa mtoto aliyeongezwa damu ukatae pandikizi?

Kupandikiza maana yake ni kumpa dawa kali, za jamaa ya zile za saratani, ziuondoe uboho wake unaotengeneza damu mbovu, kisha aingiziwe seli shina, yaani mbegu za damu, za mtu mwingine zitafute makao ndani ya mifupa. Mtoto mwenye saratani ya damu akifikishwa hapo, kinga yake imeshapigwa na matibabu ya miezi mingi, haina nguvu ya kupigana na mgeni. Mtoto wa thalasemia ni kinyume. Kinga yake ni nzima, ina afya. Na zaidi ya kuwa nzima, ina uzoefu. Kila chupa ya damu aliyoongezwa imekuja na mabaki ya chembe nyeupe za mtoaji, na chembe hizo zina alama za HLA. Mwili umeziona alama hizo, umezijua, na mara nyingine umetengeneza kingamwili za kuziwinda. Siku ukiingiziwa seli shina zenye alama ambazo umeshazikataa huko nyuma, haujifunzi upya. Unazishambulia. Damu hiyo hiyo inayompa uhai ndiyo imekuwa ikiufunza mwili wake kukataa wageni.

Halafu kuna uboho wenyewe. Kwa watoto hawa uboho hufanya kazi kupita kiasi, unajaribu kufidia damu inayokufa kabla haijatoka, unajaa mpaka mifupa inapanuka. Pandikizi linaingia mahali palipojaa. Sasa tazama kilichomo ndani ya kitovu: seli shina nzuri, lakini chache mno kulinganisha na uboho anaochotwa mtu mzima. Ni kutaka kupanda bonde zima kwa kibaba kimoja cha mpunga, na bonde lenyewe bado lina magugu. Mtoto wa kilo kumi anaweza kutosheka na kitovu kimoja. Wa kilo ishirini, kitovu kile kile kinaanza kumpungukia. Ndiyo maana madaktari kabla ya kitu chochote huuliza mtoto ana kilo ngapi na kifuko cha damu ya kitovu kina seli ngapi kwa kila kilo.

Wakala amemwambia mumeo kwamba damu hiyo ni changa, haibagui. Kuna nusu ya ukweli humo, na nusu hizi ndizo zinazouza mashamba ya watu. Ni kweli chembe za kinga zilizomo katika kitovu ni changa, hazijapigana na kitu. Faida yake ni kwamba haziushambulii sana mwili wa mgonjwa, na mashambulizi hayo ni balaa kubwa katika upandikizaji. Yakiwa sugu humwacha mtoto na ngozi, ini na matumbo yanayoumia kwa miaka. Kwa hiyo upande wa pandikizi kumvamia mtoto, kitovu ni kipole. Lakini upole huo huo ni udhaifu upande wa pili. Chembe za kinga za uboho wa mtu mzima husaidia kuisukuma kinga ya mgonjwa ili pandikizi lishike. Za kitovu hazina msuli huo. Tena likianza kuyumba, huwezi kurudi kwa mtoaji ukamwomba nyongeza, maana kitovu kimekwisha. Wakala kasema haibagui, sawa. Kwamba haikataliwi ni jambo jingine kabisa, na hapo hakusema kweli.

Yapo matokeo yaliyochapishwa, na ningependa mumeo ayaone mwenyewe. Mwaka 2011 zilitolewa habari za watoto 51 wenye thalasemia au selimundu, ugonjwa mwingine wa damu wa kurithi, waliopandikizwa vitovu vya watu wasio ndugu. Wa thalasemia walikuwa 35. Kwa 20 kati yao pandikizi halikushika. Walipokadiria kwa hao wa thalasemia, waliobaki hai walikuwa kiasi cha 62 katika kila 100, na waliobaki hai bila ya ugonjwa walikuwa kiasi cha 21 katika kila 100. Si kila mahali palikuwa hivyo. Madaktari wa Taiwan, waliochagua vifuko vyenye seli nyingi, walitangaza karibu robo tatu ya watoto wao wa thalasemia wameachana na kuongezwa damu. Kwa hiyo njia hiyo ipo, na mumeo si mjinga kuitafuta. Ila hospitali yenyewe, idadi ya seli, kufanana kwa HLA na kipimo cha kingamwili alizo nazo binti ndivyo vinavyoamua, na hakuna hata kimoja kati ya hivyo ambacho wakala amekutajieni.

Kitovu cha ndugu aliyefanana ni habari nyingine. Hata kile cha kwanza kabisa duniani, Paris mwaka 1988 kwa mkono wa Daktari Eliane Gluckman, kilikuwa cha dada akimpa kaka yake mwenye ugonjwa mwingine wa damu. Mwaka 2013 walilinganishwa watoto 485 wenye thalasemia au selimundu waliopandikizwa kutoka kwa ndugu waliofanana nao kabisa, 96 kwa kitovu na waliobaki kwa uboho. Waliokuwa hai baada ya miaka sita ni kiasi cha 95 hadi 97 katika 100 kwa makundi yote mawili. Kwa wa thalasemia, waliopona bila ugonjwa kurudi ni 86 katika 100 kwa uboho na 80 kwa kitovu. Hapo unauona mwanya aliokutajia daktari. Upo, lakini si shimo. Hata hivyo 95 si 100, na wewe umeshaiona ile tofauti ndogo iliyobaki, ndiyo inayokunyima usingizi. Sitakuambia ni ndogo. Kwa mzazi haina udogo.

Sasa nikuulize jambo kwa upole. Katika barua nzima mnazungumza kana kwamba huyu wa tumboni atafanana. Je, mmeshapigiwa hesabu? Ndugu wa baba na mama mmoja hufanana HLA kwa nafasi moja kati ya nne. Kutokuwa na thalasemia kubwa ni nafasi tatu kati ya nne. Mambo hayo mawili hurithiwa kila moja kivyake, kwa sababu alama za HLA zimo katika kromosomu ya 6 na kasoro ya thalasemia imo katika kromosomu ya 11. Ukizidisha, nafasi ya kupata mtoto mzima na aliyefanana ni 3 katika 16, haifiki moja kati ya tano. Akiwa ni mbebaji tu kama nyinyi, hilo si kizuizi, mbebaji anaweza kutoa. Lakini mwanangu, uwezekano mkubwa zaidi ni kwamba atakuja mtoto ambaye hawezi kumpa dada yake kitu chochote isipokuwa udugu. Ningependa mimi na wewe tumkaribishe huyo kabla hajafika.

Na hapa ndipo ninapokuja kwenye dua yako. Umeniuliza ni mama gani anaomba hivyo. Ni mama aliyekesha hospitalini miaka sita. Sioni kwamba unampenda huyu kwa ajili ya yule. Naona unaogopa kwa watoto wawili kwa wakati mmoja, na hofu ya zamani inaitangulia mpya kwa sababu imeshaujua mlango. Mama mkwe wako aliposema mmeanza kumgawa, pengine alikuumiza, lakini nikiyasikiliza maneno yale nasikia bibi anayemsemea mjukuu asiye na wa kumsemea. Angefaa kukaa upande wenu, si dhidi yenu. Kuna kazi ya kweli ya kumpa: awe yeye wa kuuliza, siku ya kuzaa, kama mtoto amepata haki yake kwanza.

Maana haki hiyo ipo. Siku hizi wakunga hawafungi kitovu mara moja. Husubiri angalau dakika moja ili damu irudi kwa mtoto. Kusubiri huko humsaidia mtoto na hupunguza kinachobaki cha kukusanya. Mnaweza kukubaliana mapema na mkunga na daktari kwamba mtoto asubiriwe, kisha kitakachobaki kikusanywe. Kinaweza kisitoshe. Je, mnakubali hivyo? Ni swali la kuongea nyumbani kabla ya uchungu, si chumbani wakati unasukuma. Kukusanya kwenyewe hakuumizi mama wala mtoto, damu huvutwa katika kitovu kilichokwishakatwa. Na zalio likishatolewa damu, waombeni hospitali wawape mlizike kama anavyotaka Bibi. Sioni mgongano.

Kuhusu ami zake kutoa damu, hapa naomba umweleze mama mkwe taratibu, maana anasema kwa mapenzi na wengi wetu Unguja na Bara tunafanya hivyo hivyo. Kwa mtoto ambaye huenda akapandikizwa kutoka kwa ndugu, damu ya ndugu ndiyo inayoepukwa zaidi. Alama za HLA za ami zake ni za ukoo, na nyingine anaweza kuwa nazo mdogo wake, baba yake au binamu yake. Mwili ukishajifunza kuzikataa kwa ami, unaweza kuja kuzikataa kwa mtoaji wa kweli. Siku ile Unguja haikuwa na njia nyingine, mtoto alihitaji damu akapewa, na kila aliyetoa alistahili kushukuriwa. Mwambieni tu daktari wa Maskati kwamba ilitokea, kwa sababu itamfanya apime kingamwili kwa makini zaidi. Muulizeni pia kama damu anayopewa inachujwa chembe nyeupe. Kuchuja hakuondoi hatari yote, lakini huipunguza.

Nyinyi mmeoana watoto wa ndugu. Mara nyingi mnasikia hilo likitajwa kama lawama, mimi nalitaja kwa sababu nyingine. Ikiwa wewe na mumeo mmerithi seti moja ya HLA kutoka kwa babu yenu yule yule aliyeacha shamba, basi nafasi ya kumpata aliyefanana ndani ya ukoo inapanda. Inaweza kuwa mmoja wenu nyinyi wazazi, inaweza kuwa binamu. Je, mmepimwa HLA familia nzima? Barua yako haisemi. Kipimo hicho ni cha damu kidogo au cha kupangusa ndani ya shavu, na ukikilinganisha na kuuza shamba ni kitu kidogo sana. Hapo Omani Hospitali ya Chuo Kikuu cha Sultan Qaboos imekuwa ikipandikiza uboho tangu miaka ya tisini, kwa hiyo mna watu karibu wa kuwauliza mambo haya kwa lugha yenu bila kupitia kwa mtu wa WhatsApp.

Ikitokea mdogo amefanana na kitovu chake hakikutosha, habari haijaisha. Kifuko huwekwa katika baridi kali kikakaa miaka. Mdogo akikua kidogo na akawa na afya, madaktari wanaweza kuchota uboho wake kiasi na kuuchanganya na kile kitovu, au kutumia uboho peke yake. Lakini hapo suala linabadilika sura. Kitovu kingetupwa, mtoto hakuhisi kitu. Uboho unachotwa chini ya usingizi wa dawa, kwenye mwili wa mtoto asiyeumwa na asiyeweza kusema ndiyo wala hapana. Wapo wazazi wanaolikubali hilo kwa moyo mweupe, wapo wanaosita, na sote tunamjua bibi mmoja atakayekuwa na la kusema.

Kuna upande mwingine wa mizani ambao mumeo anaubeba peke yake, na sipendi umwachie. Yeye anaposema chuma kinaingia moyoni, hasemi uongo. Watoto wanaopandikizwa kabla chuma hakijaharibu ini hufanya vizuri zaidi kuliko wanaopelekwa wakiwa wamechelewa. Guido Lucarelli na wenzake wa Pesaro, Italia, walioanza kuwapandikiza watoto wa thalasemia uboho tangu mwanzoni mwa miaka ya themanini, waliwapanga wagonjwa kwa mambo matatu: ini limevimba kiasi gani, limeanza kuwa na makovu au bado, na dawa ya chuma imekuwa ikitumiwa sawasawa au kwa kurukaruka. La tatu hilo ndilo ugomvi wenu wa kila asubuhi. Kwa hiyo ukinieleza kwamba "umekaa tu", sikubali. Kila kidonge unachomnywesha kinamlinda leo, na pia kinamwekea mlango wazi akitaka kupandikizwa kesho. Kama dawa inamchafua tumbo mpaka anaitapika, mwambie daktari, zipo nyingine: za kunywa na za sindano ya polepole chini ya ngozi usiku. Na uulize ini na moyo vimepimwa chuma kwa mashine ya MRI lini. Jibu la kipimo hicho litawaambia, wewe na mumeo, kama mna miezi au mna miaka ya kufikiri. Hivi sasa mnabishana juu ya saa ambayo hakuna kati yenu aliyeitazama.

Kubaki katika kuongezwa damu nako ni njia, usiione kama kushindwa. Wapo watu wazima wenye thalasemia waliosoma, waliooa na kuolewa, kwa sababu walipata damu safi na dawa ya chuma bila kukosa. Ni njia ndefu na inachosha, na mzigo wake utahamia mabegani kwa binti akifika ujana, umri ambao wengi huchoka na dawa. Tiba za kurekebisha jeni nazo zimeingia: Marekani iliidhinisha moja mwaka 2022, na nyingine mwanzoni mwa 2024 kwa wenye umri wa miaka 12 na kuendelea. Hizo hutumia seli za mgonjwa mwenyewe, kwa hiyo hakuna mgeni wa kukataliwa. Bei ya ile ya kwanza ilitangazwa kuwa dola milioni 2.8, na fungu lenu la mikarafuu halifiki huko. Naitaja kwa sababu binti yako ana miaka sita, na miaka sita ijayo dunia inaweza kuwa na bei nyingine. Inaweza isiwe hivyo pia.

Jambo moja hujaligusa, huenda hukuambiwa. Dawa za kuandaa mwili kabla ya pandikizi mara nyingi huharibu mayai ya uzazi ya msichana. Zipo hospitali zinazohifadhi kipande cha ovari kabla. Kama mtafika huko, liulizeni mapema, hata kama ni aibu kulizungumza kwa mtoto wa miaka sita. Miaka ishirini ile unayoiogopa ina maswali zaidi ya moja.

Umesema ukimtia chumba kile akafa utakuwa umemtoa mtoto anayecheka. Mumeo, nadhani, analala na hofu hiyo hiyo kaigeuza upande: kwamba mtoto anayecheka atamponyoka polepole huku yeye ana shamba. Mmeshawahi kuambiana hivyo, kwa maneno haya, bila ya simu ya wakala kuwa katikati? Kabla hamjazungumzia kuuza, mwombe jambo moja: wakala alete kwa maandishi idadi ya seli kwa kilo za binti, kiwango cha kufanana HLA, watoto wangapi wa thalasemia hospitali hiyo imewapandikiza kitovu cha mgeni na wangapi waliacha kuongezwa damu. Mpelekeeni daktari wenu karatasi hiyo. Kama wakala anayo, mtakuwa na kitu cha kupima. Kama anakasirika kuulizwa, nalo ni jibu.

Lenye saa ya kweli kati ya yote ni lile la kwanza, kuhifadhi au kutohifadhi, kwa sababu halingoji baada ya kuzaa. Mkihifadhi hamjaahidi kupandikiza. Msipohifadhi mnaweza bado kutegemea uboho wa mdogo akifanana. Ila mkitaka kuhifadhi, mipango inafanywa wiki nyingi kabla: fomu, mfuko maalumu wa kukusanyia, mtu wa kuupeleka maabara hata kama utazaa usiku wa Ijumaa. Waulize kama wanahifadhi kwa familia yenye mtoto mgonjwa tayari, kwa masharti gani, na nani atalipa. Waulize pia mtoto atapimwaje thalasemia, kwa sababu kipimo cha kawaida cha himoglobini siku ya kuzaliwa kinaweza kisionyeshe. Kasoro hii hujitokeza baadaye, kama ilivyokuwa kwa dada yake, na kinachotakiwa ni kipimo cha jeni kwenye damu hiyo hiyo ya kitovu. Kwa hiyo hata asipofanana, mtajua mapema mna mtoto gani, na hamtakaa miezi saba mkimtazama midomo.

Shangazi yako